Mguso Usiokusudiwa: Historia ya Kibao cha Kupapasia na Suala la Istilahi Zake

1. Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi, mara nyingi twapokea neno la kigeni likiwa limekwisha kukamilika, nasi hulitafutia mwenziwe katika Kiswahili bila ya kuuliza kitu chenyewe kilizaliwaje na kimepitia mabadiliko gani. Matokeo yake ni kwamba twapata neno lililo sahihi kwa sarufi, lakini lisilomfaa mtumiaji siku anapolihitaji. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa mfano mmoja mdogo, kwamba historia ya kitu ni sehemu ya kazi ya mwanaistilahi.

Mfano wenyewe ni kile kibao laini kilicho mbele ya vitufe vya kompyuta mpakato, ambacho mtu hukipapasa kwa kidole ili kukiongoza kishale katika skrini. Hasa tutazungumzia tatizo linalowasumbua wachapaji wengi: kiganja cha mkono hukigusa kibao hicho pasipo mwenyewe kukusudia, na maneno anayoyaandika yakaenda mahali pasipo pake. Tatizo hili limekwisha kupatiwa dawa, tena dawa zaidi ya moja, nazo zimo ndani ya kompyuta zenyewe. Lakini dawa hizo hufichwa na majina yake. Mtu asiyelielewa jina la dawa hawezi kuitafuta.

Kabla ya kuendelea yafaa tueleze maneno tutakayoyatumia. Tutasema "kompyuta" na "kompyuta mpakato", tukijua kwamba wenzetu wa Kenya husema pia "tarakilishi" na "kipakatalishi". Tutaita "kishale" ile alama inayotembea katika skrini kwa kufuata kidole, na tutaita "kasa" kile kistari kinachomweka mahali herufi itakapoingia. Msomaji wa pwani atamkumbuka kasa wa baharini, wala si neno. Neno hili ni la kutoholewa tu na limekutana na lile kwa sauti. Ni muhimu vitu hivi viwili visichanganywe, kwani ajali tunayoizungumzia hutokea pale kishale kinapomhamisha kasa bila ya amri ya mwandishi.

2. Mikono ya mpiga chapa

Mwaka 1874 kampuni ya Remington ya Marekani ilianza kuuza mashine ya kupiga chapa iliyobuniwa na Christopher Latham Sholes na wenzake. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo, mashine ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa chombo cha ofisi duniani kote, na Afrika ya Mashariki haikuachwa nyuma. Walimu wa upigaji chapa walifundisha kwamba viganja viinuliwe, vidole vipinde, na mikono ielee juu ya vitufe. Mafunzo hayo yalikuwa na sababu: mashine ilikuwa ndefu kwenda juu, vitufe vyake vilipangwa kama ngazi, na mbele yake hapakuwa na kitu ila meza. Hata mpiga chapa aliyelegeza mikono yake hakuharibu ila mkao wake mwenyewe.

Jambo la pili la kukumbukwa ni kwamba katika mashine ile herufi ilikaa pale ilipopigwa. Mtu angeweza kukosea herufi, akafuta kwa raba au akaipaka dawa nyeupe. Lakini haikuwezekana nusu ya sentensi ya aya ya tano ijiingize katikati ya aya ya pili. Karatasi ilikuwa na mahali pamoja tu pa kuandikia, na mahali hapo palihamishwa kwa mkono, kwa wenzo ulioonekana, tena kwa sauti iliyosikika chumba kizima.

Kompyuta iliyaondoa yote hayo. Maandishi yakawa kitu kinacholainika, na mahali pa kuandikia pakawa popote. Ili kupachagua mahali hapo, Douglas Engelbart na Bill English, waliokuwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko California, walitengeneza kipanya cha kwanza mwaka 1964, nacho kilikuwa cha mbao. Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Kipanya kilikaa mezani kando ya vitufe. Aliyetaka kukitumia alilazimika kuondoa mkono katika kuchapa, akaupeleka pembeni, kisha akaurudisha. Wahandisi waliuhesabu mwendo huo kuwa ni hasara ya muda, na ni kweli. Lakini umbali ule ulikuwa pia ulinzi. Mkono ulioko kwenye vitufe unachapa. Mkono ulioko kwenye kipanya unachagua. Na kompyuta haikuwa na haja ya kukisia mtu amekusudia lipi.

3. Kibao chatafuta mahali pake

Kompyuta ilipoanza kubebwa, kipanya kilikosa meza. Mtu aliyeipakata kompyuta ndani ya treni hakuwa na mahali pa kukisukumia. Ndipo wabunifu walipoanza kutafuta kifaa kilichofungwa katika mwili wa kompyuta yenyewe.

Kibao cha kupapasia kilikuwapo tangu mapema. Kufikia mwaka 1982 kompyuta za mezani za kampuni ya Apollo zilikuwa na kibao cha namna hiyo upande wa kulia wa vitufe. Mwaka 1983 ilitangazwa kompyuta ya kubebwa iitwayo Gavilan, ambayo kibao chake kiliwekwa juu ya vitufe, karibu na skrini. Mwaka 1989 kampuni ya Psion ya Uingereza nayo ilitoa kompyuta zenye kibao kilichokaa juu ya vitufe. Msomaji aangalie jambo moja katika mifano hii mitatu: kibao kilikuwa pembeni au juu, mahali ambapo kiganja cha mchapaji hakifiki. Kwa hiyo tatizo letu lilikuwa halijazaliwa.

Hatua iliyoliandalia njia haikuhusu kibao hata kidogo. Mwezi Oktoba 1991 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta zake za PowerBook. Kabla ya hapo, kompyuta nyingi za kubebwa zilikuwa na vitufe karibu na ukingo wa mbele. Apple ilivisukuma vitufe nyuma, kuelekea skrini, na mbele yake ikaacha uwanja wa kupumzishia viganja, na katikati ya uwanja huo ikaweka tufe dogo la kuviringishwa kwa kidole gumba. Wachapaji waliupenda mpango huo, na kampuni nyingine zikaufuata. Hivyo mafunzo ya kale ya kuinua viganja yakapoteza nguvu, kwani sasa kompyuta yenyewe ilimkaribisha mtu aviweke chini.

Mwaka 1992 kampuni ya IBM ilichukua njia nyingine. Mtafiti wake Ted Selker aliona kwamba muda unaopotea mkono ukienda kwenye kipanya ungeweza kuokolewa kama kifaa kingewekwa katikati ya vitufe vyenyewe. Ndipo kompyuta ya ThinkPad ikatoka na kile kijiti chekundu kilicho baina ya herufi G, H na B. Kijiti hicho kina wapenzi wake hadi leo, nacho hakiko katika njia ya viganja.

Lakini njia iliyoshinda ni ile ya kibao. George Gerpheide, mhandisi wa Marekani, alibuni mwaka 1988 kibao kinachohisi kidole kwa njia ya chaji ya umeme, kisha akaanzisha kampuni ya Cirque. Mwezi Mei 1994 Apple ilitoa kompyuta za PowerBook za mfululizo wa 500, na pale lilipokuwa tufe pakawekwa kibao bapa. Tufe lilihitaji kuviringishwa ndipo liitike. Kibao hakikuhitaji nguvu yoyote. Basi kifaa kinachoitikia mguso mwepesi kabisa kiliwekwa mahali palepale palipotengwa miaka mitatu kabla kwa ajili ya mikono kupumzika. Hapo ndipo tatizo letu lilipozaliwa, nalo lilizaliwa kwa kukutana kwa mambo mawili mema.

Yafaa kueleza kwa ufupi jinsi kibao kifanyavyo kazi. Chini ya uso wake kuna nyuzi nyembamba za kupitisha umeme, zilizopangwa wima na mlalo kama mistari ya daftari la hesabu. Mwili wa mtu hupitisha umeme. Kidole kikikaribia, kiasi cha chaji baina ya nyuzi hizo hubadilika, na kompyuta hukokotoa ni wapi badiliko limetokea. Ndiyo sababu kalamu ya mbao haikiamshi kibao, ilhali ngozi inayokaribia tu huweza kukiamsha. Kwa kibao cha namna hiyo, ncha ya kidole na nyama ya kiganja ni kitu kimoja: ngozi.

4. Hasara yake katika maandishi ya Kiswahili

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo. Sisi hatuoni hivyo. Vibao vingi huruhusu mtu kuchagua kwa kugonga kidogo, bila ya kubonyeza kitufe chochote. Kiganja kikigusa mara moja na kuondoka, kompyuta huweza kudhani ni kidole kilichogonga. Kasa huhamia pale kilipo kishale, na herufi zinazofuata humfuata huko. Kikigusa mara ya pili na kuburura, huweza kuchagua kipande cha maandishi. Na herufi ya kwanza itakayochapwa hapo hukifuta kipande chote na kukaa mahali pake.

Katika Kiswahili hatari hiyo ina sura yake ya pekee, kwa sababu lugha yetu huweka mambo mazito katika silabi moja. Tuchukue mfano wa mahakama. "Mdai" ni yule anayeleta shauri. "Mdaiwa" ni yule anayeshtakiwa. Kinachowatenganisha ni silabi "wa". Mwandishi wa kumbukumbu anayechapa maneno "shamba la mtoto wa mdai" anahitaji silabi hiyohiyo kabla ya neno "mdai". Kasa akiruka kwa nafasi chache wakati ule, silabi "wa" huweza kuangukia mwisho wa "mdai", na mwenye shauri akageuka kuwa mshtakiwa. Programu ya kusahihisha tahajia haitalalamika, maana "mdaiwa" ni neno halali. Vivyo hivyo "amekubali" na "hamkubali" hutofautiana kwa herufi chache, na "mwajiri" hutengana na "mwajiriwa" kwa silabi ileile iliyomtenga mdai na mdaiwa.

Mfano huu si wa kubahatisha. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ambazo zamani ziliandikwa kwa Kiingereza sasa zapaswa kuchapwa kwa lugha yetu. Na kompyuta mpakato yapendwa sana maofisini kwetu, kwa kuwa ina betri: umeme ukikatika, kazi haikatiki. Lakini kompyuta hiyohiyo ndiyo yenye kibao chini ya viganja. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi; katika kazi hii kidole ndicho kinachousemea ulimi, na kujikwaa kwake hubaki katika hati.

5. Dawa ya kwanza: saa

Dawa iliyo nyepesi kufikirika ni kukizima kibao kabisa na kutumia kipanya. Kompyuta nyingi zina kitufe au mahali pa kufanyia hivyo, na kwa mtu mwenye meza ni shauri jema. Lakini anayesafiri hurudi palepale alipoanzia.

Dawa ya pili ilitokana na hoja ya busara: mtu anayechapa, kwa kawaida hapapasi. Basi kila kitufe kinapobonyezwa, kibao kikae kimya kwa muda mfupi. Katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, kazi hiyo ilifanywa katika miaka ya 2000 na programu ndogo iitwayo syndaemon. Ilikaa nyuma ya pazia ikiangalia vitufe, na ilipoona uchapaji ilikisimamisha kibao mpaka vitufe vikae bila kuguswa kwa muda uliowekwa. Muda huo, kama mtumiaji hakuubadili, ulikuwa sekunde 2.

Sekunde 2 zaweza kuonekana chache, lakini kwa mchapaji ni nyingi. Mtu amemaliza sentensi, anataka kupeleka kishale kwingine, anapapasa, na kibao hakiitiki, anadhani kimeharibika. Akiupunguza muda sana, kiganja hupata nafasi ya kupenya baina ya neno na neno. Programu hiyo ilitoa basi nafasi ya kuchagua: kusimamisha kibao kizima, au kusimamisha kugonga na kukunjua kurasa tu huku kishale kikiendelea kutembea. Ilitoa pia nafasi ya kutovihesabu vitufe vinavyofanya kazi kwa kushikiliwa pamoja na kingine, kwani mtu anayeshikilia kitufe cha namna hiyo mara nyingi anataka kupapasa wakati huohuo.

Kuanzia mwaka 2015 mifumo mingi ya Linux ilianza kuhamia kwenye maktaba ya programu iitwayo libinput, ambayo ilirekebisha hesabu hiyo. Kitufe kimoja kikibonyezwa, kibao husitishwa kwa milisekunde 200 tu. Uchapaji ukiendelea, husitishwa kwa milisekunde 500 tangu kitufe cha mwisho. Zaidi ya hayo, mguso ulioanza wakati mtu akichapa huendelea kupuuzwa hata muda ukiisha, mradi mkono haujainuliwa. Lakini kidole kilichowekwa baada ya kitufe cha mwisho huruhusiwa kukiongoza kishale. Tena uchapaji katika vitufe vya nje, vilivyounganishwa kwa waya, haukisitishi kibao, kwani viganja vya mchapaji huyo haviko juu yake.

Hata hivyo saa ina mpaka wake. Haijui ni nini kilichogusa. Yajua tu ni lini. Mtu anayefikiri katikati ya sentensi, viganja vimelala na vidole vimetulia, humaliza muda wa saa bila kujua, na kibao huamka chini ya mkono wake. Na yule anayecheza mchezo unaohitaji vitufe na kibao kwa pamoja hulalamika kwamba kibao chake kimekufa.

6. Dawa ya pili: kukitambua kiganja

Kwa hiyo wahandisi walilazimika kuuliza swali jingine: si mguso umetokea lini, bali ni mguso wa nini. Hapa inafaa kuitaja kampuni ya Synaptics, iliyoanzishwa mwaka 1986 na Federico Faggin, mmoja wa wabunifu wa kichakataji cha Intel 4004 cha mwaka 1971, pamoja na Carver Mead. Nia yao ya awali haikuwa vibao. Walitafuta njia za kuipa mashine uwezo wa kutambua vitu kwa kuiga mishipa ya fahamu. Katika miaka ya 1990 kampuni hiyo iligeukia vibao vya kupapasia, ikawa miongoni mwa watengenezaji wake wakubwa, na programu zake zikawa na sehemu ya kupima kama mguso ni wa kiganja.

Vipimo vyenyewe ni vya akili ya kawaida. Kwanza ni ukubwa: kiganja hufunika eneo pana kuliko ncha ya kidole. Pili ni mkazo: kibao hakina mizani, lakini ngozi inayokandamizwa hutanda, na kutanda huko huongeza alama ya chaji. Tatu ni mahali: viganja huingia kutoka kingo za kulia na kushoto, kwa hiyo mguso unaoanzia ukingoni hushukiwa, na ukitoka huko ukaingia katikati kwa mwendo wa kidole huachiliwa. Nne ni mwenendo: kidole husafiri, kiganja hukaa. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Mtoto ana viganja vyembamba, na mtu mzima huweza kulaza kidole gumba kikaonekana kama kiganja. Ndiyo maana vipimo hivi hutumiwa pamoja, tena pamoja na saa.

Haja ya utambuzi iliongezeka kadiri vibao vilivyopanuka. Mwaka 2008 Apple ilitoa kompyuta yenye kibao cha kioo kisicho na kitufe cha pekee, na mwaka 2016 ilikifanya kibao cha kompyuta yake ya inchi 15 kuwa na ukubwa mara mbili ya kile kilichotangulia. Katika kibao cha upana huo, kiganja hakina mahali pengine pa kukaa. Upande wa Windows, toleo la 8.1 la mwaka 2013 lilileta vibao vya aina ambayo mfumo wenyewe husoma miguso na kuiamua, badala ya kila kampuni kuwa na programu yake. Baadaye mtumiaji akapewa nafasi ya kuchagua wepesi wa kuhisi, toka wa juu kabisa hadi wa chini.

7. Istilahi

Sasa turudi kwenye lugha. Jina la Kiingereza la kifaa hiki lina maana ya kibao cha kuguswa, na historia tuliyoisimulia ni historia ya upungufu wa neno hilo. Kifaa kilichopewa jina la mguso kilipokea kila mguso, na ilichukua miaka mingi kukifundisha kwamba miguso haifanani. Kiswahili hakina sababu ya kuurithi upungufu huo, kwa kuwa kina vitenzi vinavyoitenga miguso tangu asili. Kugusa ni neno la jumla. Kupapasa ni kupitisha vidole juu ya kitu kwa kukitafuta au kukihisi. Kugonga ni kupiga kidogo na kuondoka. Kubonyeza ni kukandamiza mpaka kitu kishuke. Kuegemea ni kuupumzisha mwili au kiungo juu ya kitu bila ya kukitaka kitu hicho kifanye lolote. Mtu mmoja aweza kuyafanya yote matano kwa mkono mmoja, na msikilizaji asikosee.

Kwa msingi huo twatoa rai zifuatazo.

Kifaa chenyewe tungependa kiitwe "kibao cha kupapasia". Tulilifikiria neno moja, "kipapasio", ambalo limeundwa vizuri. Lakini wanabiolojia wamekwisha kulitumia kwa ajili ya unyuzi wa mdudu anaopapasia njia. Hapo kipapasio ndicho kinachopapasa. Hapa kibao ndicho kinachopapaswa. Kulitumia neno moja kwa pande mbili za tendo kungeleta utata katika vitabu vya shule.

Mguso ulioleta makala haya tungeuita "mguso usiokusudiwa". Wengine husema "mguso wa bahati mbaya", lakini bahati mbaya huhusu matokeo, ilhali kinachopimwa na kompyuta ni kusudio. Katika maelezo marefu, mguso wa kiganja waweza kuitwa "mwegemeo", ili uwe kinyume cha "mpapaso".

Dawa ya saa iitwe "kusitisha kibao wakati wa kuchapa", wala isiitwe kukizima. Tofauti hii si ya urembo. Kilichozimwa hubaki kimezimwa mpaka kiwashwe. Kilichositishwa huendelea chenyewe kizuizi kikiondoka. Mtu akisoma katika skrini yake maneno "zima kibao unapochapa", ana haki ya kuogopa kwamba hatakipata tena, akaacha kulichagua jambo ambalo lingemponya. Muda wenyewe uitwe "kipindi cha kusitisha".

Dawa ya vipimo ina sehemu mbili, nazo zastahili majina mawili: "kutambua kiganja", yaani kuamua kwamba mguso ni wa kiganja, na "kupuuza kiganja", yaani kutoufuata mguso huo. Tumechagua kupuuza badala ya kukataa, kwa sababu kibao hakikizuii kiganja kisikae. Chakihisi, chakijua, na chaendelea na kazi yake kama mzee apuuzavyo maneno ya mpita njia. Sehemu za kando ambazo miguso yake hushukiwa ziitwe "kanda za tahadhari".

Kuna jambo la mwisho. Maneno haya tumeyaunda kwa vitenzi vya kawaida, ambavyo Mkenya na Mtanzania, na msemaji wa Kiswahili wa Kongo, huvijua kwa maana ileile. Tofauti ya "kompyuta" na "tarakilishi" yaonyesha jinsi ilivyo rahisi kupata majina mawili ya kitu kimoja, na jinsi ilivyo vigumu kuyapatanisha baadaye. Mwaka 2004, watalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoitafsiri programu ya ofisi iliyopewa jina la Jambo OpenOffice, ilidhihirika kwamba menyu ya kompyuta yaweza kusomeka kwa Kiswahili. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba anayeisoma anaelewa kitakachotokea akibonyeza.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba mguso usiokusudiwa haukuletwa na uzembe wa wachapaji. Uliletwa na uwanja wa kupumzishia mikono wa mwaka 1991 na kibao chepesi kilichowekwa juu ya uwanja huo mwaka 1994. Tumeona pia kwamba dawa zake zilianza kwa kuuliza lini, zikaishia kwa kuuliza nini, na kwamba kompyuta ya leo hutumia maswali yote mawili. Istilahi zisizoitenga saa na utambuzi, au kusitisha na kuzima, humwacha mtumiaji akibahatisha.

Yule mwandishi wa kumbukumbu za mahakama hahitaji kujua habari za chaji na nyuzi. Anahitaji kufungua orodha ya mipangilio ya kompyuta yake, aone kwa lugha yake maneno "sitisha kibao wakati wa kuchapa", na ayachague bila ya hofu, ili mdai abaki kuwa mdai. Tunawaomba wasomaji, hasa walio katika kazi za uchapaji, ufundishaji na tafsiri, wazitazame rai hizi, wazijaribu katika matumizi, na walete maoni yao kabla hazijasanifiwa.